Mrejesho: albamu mlizonitajia

Ndugu zangu, niliuliza nisikilize albamu gani usiku umeme ukikatika huku Katuba, Lubumbashi, maana "Droit Chemin" ya Fally Ipupa, mwimbaji wetu wa Kongo, naizungusha tangu 2006. Aksanti kwa majibu.

"Emotion" ya Papa Wemba, mwimbaji mwingine wa Kongo, ya 1995: sauti ile haina mpinzani, ila vinanda vimeng'arishwa mno kwa masikio ya Ulaya. Nimeiweka kando. "Formule 7" ya Fally ni ndefu. Nachagua nyimbo, nyingine naruka.

Lakini yule kaka aliyenituma kwa Jean-Bosco Mwenda, mpiga gitaa wa hapa Katanga, Mungu akubariki! Hugh Tracey, yule mtafiti wa muziki wa Afrika, alimrekodi "Masanga" mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo. Gitaa moja tu. Kidole gumba kinashika besi, cha shahada kinachezea nyuzi za juu. Usipoambiwa utadhani ni watu wawili. Na Kiswahili cha nyimbo zake ni hiki chetu cha Katanga. Mjomba aliposikia alizima redio yake, akaja kukaa mlangoni na kuanza kunisahihisha maneno, kana kwamba mimi ndiye niliyeimba.

Sasa nauliza tena: nani ana rekodi safi za Edouard Masengo, mpiga gitaa mwingine wa Katanga? Nilizopata zinakwaruza.