Mbegu ya mfuko mmoja na baridi ileile: kwa nini kipande kimoja kimeota na kingine kimejaa mapengo?

Mpanda Mapema:
Ndugu zangu wakulima, naomba mnisaidie kuelewa jambo lililonitatiza msimu huu. Nilipanda mahindi chotara ya mfuko mmoja katika vipande viwili vinavyopakana, vyenye udongo wa aina moja. Kipande cha kwanza nilikipanda siku tisa kabla ya baridi kuingia, na cha pili nilikimaliza jioni ileile mvua ya baridi ilipoanza. Kwa siku tano zilizofuata, kipimajoto nilichokichomeka kwenye kina cha sentimita 5 kilionyesha nyuzi joto 8 hadi 10 kila asubuhi.

Sasa kipande cha kwanza kina miche iliyokamilika, ingawa majani yamegeuka manjano na mengine yana zambarau kingoni. Cha pili kina mapengo mengi, na nilipofukua nilikuta machipukizi yaliyojisokota chini ya ardhi, mengine yakiwa yamefungua majani kabla ya kutokeza juu. Nilidhani mche uliokwisha kutoka ndio unaoumizwa zaidi, kwa kuwa mbegu angalau imefunikwa na udongo. Je, niing'oe miche hii ya manjano? Na je, ipo kweli mbegu inayostahimili baridi?

Msoma Udongo:
Mbegu iliyofunikwa ndiyo iliyokuwa katika hatari kubwa zaidi. Punje kavu hunyonya sehemu kubwa ya maji inayoyahitaji katika siku moja au mbili za mwanzo, na hata punje iliyokufa hunyonya vivyo hivyo, kwa hiyo mbegu haina uwezo wa kusubiri maji yapate joto. Tando za seli zake, zilizokuwa zimekauka, hulazimika kujipanga upya maji yanapoingia; maji hayo yakiwa chini ya nyuzi joto 10 hivi, tando hukakamaa na kupasuka, na sukari na chumvi zilizomo huvuja. Vimelea vya udongoni kama Pythium huifuata sukari hiyo, na mbegu ambayo ingeweza kupona huozea hapo hapo. Ile inayonusurika mara nyingi hukua vibaya: mesokotili, yaani kijishina kinachosukuma chipukizi kwenda juu, hujisokota kama ulivyoona.

Mbegu za kipande cha kwanza zilikuwa zimekwisha kunywa maji ya uvuguvugu, hivyo baridi iliyofuata ilizichelewesha tu. Ndiyo sababu mimi hutazama zaidi hali ya siku mbili baada ya kupanda kuliko joto la siku yenyewe. Na kama mfuko ulikuwa na punje zenye nyufa, hizo ndizo zilizoumia kwanza, kwa sababu ganda lililopasuka huingiza maji kwa kasi.

Jani Bichi:
Nitajibu kuhusu rangi. Jani la mahindi linalofunguka kwenye ubaridi, chini ya nyuzi joto 15 hivi, hushindwa kutengeneza klorofili, yaani rangi ya kijani ya majani, ya kutosha, na kwa hiyo hutoka likiwa la manjano. Zaidi ya hapo, baadhi ya vimeng'enya ambavyo mahindi huvitegemea katika usanisinuru, yaani kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, hulegea katika baridi, huku mwanga wa jua ukiendelea kumiminika juu ya jani. Nishati isiyopata kazi hugeuka kuwa madhara, na ndiyo maana asubuhi ya baridi yenye jua kali humwumiza mche kuliko asubuhi ya baridi yenye mawingu.

Zambarau nayo haithibitishi kwamba udongo hauna fosforasi. Mizizi ni mifupi na inanyonya polepole, na sukari hujikusanya majanini kwa kuwa ukuaji umesimama. Tafadhali usikimbilie kuongeza mbolea. Subiri uone jani litakalofunguka baada ya joto kurudi, kwani hilo ndilo litakalokuambia ukweli.

Usiing'oe. Mpaka mche ufikishe majani matano au sita yaliyokamilika, kitovu cha ukuaji, yaani sehemu inayotoa majani mapya, bado kiko chini ya uso wa udongo. Hata jalidi ikiunguza majani yote, mche huweza kuchipua tena. Subiri siku tatu hadi tano za joto, kisha chimbua michache na uipasue kwa urefu. Kitovu kilicho cheupe na kigumu ni kizima. Kilicho cha kahawia na laini kimekufa.

Mteua Mbegu:
Kuhusu mbegu, kuna kosa ninalolisikia mara kwa mara: kuchukulia kwamba mbegu inayokomaa mapema inastahimili baridi. Hizo ni sifa mbili tofauti. Mahindi yana asili ya Mexico yenye joto, na hakuna aina inayokua vizuri chini ya nyuzi joto 10. Tofauti baina ya aina na aina ni wepesi wa mche kujiinua katika nyuzi 12 hadi 15. Mahindi ya punje ngumu yaliyozoea kaskazini mwa Amerika yana sifa hiyo, na kuyachanganya na yale ya punje zenye kibonyo, yanayozaa zaidi, ndiko kulikowezesha kilimo cha mahindi kuenea kaskazini mwa Ulaya. Mwulize muuzaji matokeo ya jaribio la baridi, ambapo mbegu huwekwa takriban wiki moja katika nyuzi 10 kisha huhamishiwa kwenye nyuzi 25. Asilimia ya uotaji iliyoandikwa mfukoni hupimwa katika joto zuri, kwa hiyo haikupi jibu hilo.

Mpanda Mapema:
Nawashukuru sana. Leo nimepasua miche kumi ya kipande cha kwanza: tisa ina kitovu cheupe, mmoja wa kahawia. Nitaiacha. Katika kipande cha pili nilitaka kurudishia mbegu kwenye mapengo tu.

Msoma Udongo:
Pale ambapo mapengo ni machache, yaache, kwa sababu mche wa kurudishia hufunikwa na kivuli cha wenzake na mara nyingi hauzai kitu. Pale ambapo yamezidi miche, lima upya na upande kipande kizima, kipimajoto chako kikishaonyesha zaidi ya nyuzi 12 kwa asubuhi kadhaa mfululizo.