Mtoto kafa, ndugu mnapiga deki! Huko siko kumtetea mtuhumiwa

Wakuu, hili limezidi. Mtoto anakutwa amekufa ndani, polisi wanamshika baba, au mama, au mjomba aliyeachiwa kumlea, na kabla jua halijazama ukoo mzima umeshajipanga upande mmoja, upande wa mtu mzima. "Namjua mwanangu, hawezi kuua." "Damu nzito kuliko maji." Sawa, na ya yule mtoto ilikuwa maji? Naye ni mjukuu wenu, ni mpwa wenu, na katika kesi nzima ndiye pekee asiyeweza kujieleza.

Kuamini kwamba ndugu yako hana hatia si kosa. Kinachokera ni yale mnayoyafanya kwa mikono yenu halafu mnayaita mapenzi.

Tuanze na usafi. Shangazi anafika na ndoo! Mashuka yanalowekwa, sakafu inapigwa deki kwa klorini, chupa ya maziwa inasuuzwa, dawa ya kikohozi inatupwa, mwili unaoshwa na kuvalishwa nguo nyingine "asionekane vibaya". Mnajua mnafuta nini? Mtu akifa, damu huteremkia sehemu ya mwili iliyo chini na ngozi ya hapo hubadilika rangi. Baada ya muda wa saa 8 hadi 12 hivi rangi hiyo haihami tena. Daktari huisoma ili ajue mwili ulilala chali, kifudifudi au ubavu. Mkiugeuza mapema mkaulaza vizuri, mmeshamfutia. Joto la mwili nalo hutumika kukadiria saa ya kifo, na ninyi mmeuogesha kwa maji ya moto na kuufunika mablanketi. Klorini huharibu vinasaba, na zaidi ya hapo inaweza kuifanya dawa ya kutafutia damu iliyofutwa ing'ae hata mahali ambapo damu haikuwahi kumwagika. Sasa ndugu yenu asiye na hatia anabaki na chumba kinachong'aa kila kona na majirani walioona mkisafisha. Mwendesha mashtaka atataka nini zaidi? Na ile chupa ya dawa mliyoitupa huenda ndiyo ingeonyesha kwamba mtoto alizidishiwa dozi kwa bahati mbaya.

Halafu linakuja la kugomea uchunguzi wa maiti na kukimbilia kuzika. "Msimkatekate mtoto wetu." Uchungu huo unaeleweka kabisa. Lakini uchunguzi wa mtoto mdogo ukifanywa inavyotakiwa hauanzi na kisu. Unaanza na eksirei za mifupa yote, kichwani hadi vidoleni. Mbavu za mtoto mchanga zikiwa zimevunjika upande wa nyuma, karibu na uti wa mgongo, daktari lazima aulize ni nani aliyemshika kifuani akambana. Mvunjiko wa zamani huanza kuota mfupa mpya, na alama hiyo huonekana kwenye picha kuanzia kama siku 7 hadi 14, kwa hiyo mivunjiko ya vipindi tofauti haiwezi kuelezwa kwa ajali ya jana. Mwaka 1946 daktari wa Marekani, John Caffey, aliandika kuhusu watoto waliokuwa na damu iliyovujia chini ya utando wa ubongo na papo hapo mifupa iliyovunjika pia. Mwaka 1962 Henry Kempe na wenzake wakasema waziwazi kwamba watoto wa namna hiyo wanapigwa. Ndiyo maana "alianguka kitandani" haipiti kirahisi: watoto huanguka vitandani kila siku, na ni nadra mno wafe.

Uchunguzi huohuo ndio unaotafuta ugonjwa wa kuzaliwa nao unaofanya mifupa ivunjike ovyo, damu isiyoganda, maambukizi, sumu. Majibu ya vipande vya tishu yanaweza kuchukua wiki kadhaa. Ukiuzuia, umezuia pia karatasi ambayo ingemtoa ndugu yako rumande.

Na msiseme mnaogopa atafungwa bure, kwa sababu wapo waliofungwa bure na tunajua walivyotoka. Uingereza, Sally Clark alihukumiwa mwaka 1999 kwa kuua watoto wake wawili wachanga. Mahakama iliambiwa na Profesa Roy Meadow kwamba uwezekano wa vifo viwili vya ghafla visivyo na sababu inayojulikana katika familia kama yake ni 1 kati ya milioni 73, hesabu iliyokuwa mbovu. Mumewe hakufua shuka wala kutisha shahidi. Alifuatilia kumbukumbu za hospitali, na humo yakapatikana majibu ya vipimo vya bakteria vya mtoto wa pili ambayo mtaalamu wa maiti hakuyatoa kwa upande wa utetezi. Aliachiwa Januari 2003. Australia, Lindy Chamberlain alifungwa maisha mwaka 1982 kwa kifo cha binti yake Azaria huko Uluru. Iliyoitwa damu ya mtoto ndani ya gari ilikuja kuonekana kuwa ni dawa ya kuzuia kelele iliyopuliziwa kiwandani. Alitoka mwaka 1986 baada ya kupatikana koti la mtoto, lile ambalo siku zote alisema binti yake alilivaa. Koti, wakuu! Kitu cha aina ileile mnachokimbilia kuloweka.

Kinachonipandisha hasira kuliko vyote ni watoto waliobaki kufundishwa maneno. "Ukiulizwa sema mjomba alikuwa amelala." Mtoto wa miaka 5 akiulizwa jambo moja na watu wazima sita, kila mmoja akilielekeza jibu upande wake, kumbukumbu yake inachafuka, na haitasafishika hata na mtaalamu. Anatakiwa ahojiwe na mtu mmoja aliyefunzwa, kwa maswali ya wazi kama "niambie kilichotokea", mazungumzo yakirekodiwa. Akianza kusema mwenyewe nyumbani, msikilize bila kumhoji, andika maneno yake kama yalivyo pamoja na saa, basi. Na wakati uchunguzi unaendelea asilale nyumba moja na mtuhumiwa, hata kama mtuhumiwa huyo ni mwanao wa kwanza.

Anayefuata kubanwa ni mzazi mwenza wa mtuhumiwa. Anawekwa kati, anaambiwa "tuongee kauli moja", anatafutiwa wakili yuleyule wa mtuhumiwa. Kauli zao zinaweza kupingana, na wakili mmoja hawezi kuwatetea wote wawili bila kumwumiza mmoja. Kila mtu na wakili wake. Mtuhumiwa anyamaze mpaka wakili afike, na nanyi msimpigie simu mahabusu mkamhoji kilichotokea. Simu za huko zinaweza kurekodiwa.

Mnataka kusaidia kweli? Fungeni mlango wa chumba, asiingie mtu. Pelekeni kadi ya kliniki na karatasi zote za matibabu kwa wakili. Msifute ujumbe hata mmoja kwenye simu. Ombeni kwa maandishi picha za kamera za mtaani na za kazini zihifadhiwe, leo hii, maana mifumo mingi huzifuta kwa kurekodi nyingine juu yake ndani ya siku au wiki chache, na hizo ndizo zinazothibitisha nani alikuwa wapi.

Kwa upande wa pili wa ukoo, mnaorusha picha ya mtuhumiwa mitandaoni na kumpiga mpaka akubali: ungamo la kipigo hutupwa mahakamani, na kama kweli aliua, mmempa njia ya kutokea.

Mwenye hoja ya kutetea kufua yale mashuka aje nayo hapa. Ila asiniletee "funika kombe mwanaharamu apite".