Ushauri: Tuwapateje wahitimu wa chuo kikuu wa kufundisha sayansi kisiwani, na tufanyeje wasituachie darasa katikati ya muhula?

Mtoto wa Mwaloni ameandika:

Wanajamvi, salaam. Ninaandika kwa niaba ya wenzangu kumi na mmoja tuliosoma pamoja katika sekondari moja ya kata, kwenye kisiwa kimojawapo cha wilaya ya Ukerewe, na ambao wengi wetu sasa tunafanya biashara ya dagaa na samaki hapa Kirumba, jijini Mwanza. Tangu mwaka jana tunachangishana kila mwezi, na tumefikia mahali ambapo tunaweza kuwalipa walimu wawili wa kujitolea posho ya shilingi laki tatu na nusu kila mmoja kwa mwezi, kwa miaka miwili, bila kumgusa mzazi mfukoni. Mkuu wa shule ameridhia na bodi ya shule imelijadili. Tatizo la shule ni fizikia na hisabati. Ukiitazama ikama kwenye karatasi utadhani walimu wapo, lakini karibu wote ni wa masomo ya sanaa, na mwalimu wa fizikia aliyekuwepo alihamia bara kumfuata mumewe.

Kilichotusukuma ni daftari. Mwezi wa nane nilikwenda msibani kwa shangazi yangu, na jioni moja nikaomba kuona daftari la fizikia la mpwa wangu wa kidato cha pili. Mada ya vipimo imeanzishwa humo mara tatu, kwa tarehe tatu tofauti, na walimu watatu wa kujitolea waliopishana, na mara zote tatu inakoma kwenye mchoro wa silinda ya kupimia ujazo. Mchoro wa tatu ni mzuri kweli, kwa sababu mtoto amekwisha kuuzoea. Baada yake kuna kurasa tupu.

Tunaomba ushauri katika mambo mawili. Kwanza, tumtafute nani: aliyesomea ualimu, au hata mhitimu wa uhandisi au takwimu ambaye yuko mtaani bila kazi lakini somo analijua? Pili, tumzuieje asiondoke pindi ajira za serikali zinapotangazwa? Mwenzetu mmoja anapendekeza kwamba tushike vyeti vyao halisi hadi miaka miwili iishe. Wengine tumesita.

Mwalimu wa Zamu amejibu:

Ndugu yangu, hongereni kwa moyo huo, lakini suala la kushika vyeti liacheni leo hii. Cheti ni mali ya mwenyewe, na siku hizi mwalimu haajiriwi serikalini bila kuitwa kwenye usaili na Sekretarieti ya Ajira, ambako lazima afike na vyeti vyake halisi mkononi. Mkimnyima, hamtakuwa mmempata mwalimu, mtakuwa mmempata mfungwa, na mfungwa hafundishi.

Mimi ni mkuu wa shule mstaafu, upande wa Sengerema, na ualimu niliuingia kupitia mlango ambao vijana wa leo hawaujui. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi ilipoamua kwamba kila mtoto aingie shule ya msingi, walimu hawakutosha, kwa hiyo tulichukuliwa sisi tuliomaliza darasa la saba, tukawa tunafundisha sehemu ya siku na kusoma sehemu nyingine. Watu walitudharau, na wakati mwingine walikuwa na sababu. Lakini kilichotuokoa ni kwamba alikuwepo mkufunzi aliyekaa nyuma ya darasa na daftari lake, na baada ya kipindi alikuambia mbele ya chai kwamba ubao wako hausomeki na kwamba umewasahau watoto wa dirishani. Baadaye nilijiendeleza hadi nikafika chuo cha ualimu cha Butimba, lakini kufundisha nilijifunzia palepale.

Linganisheni na miaka ya elfu mbili, sekondari za kata zilipojengwa kwa kasi kubwa, na vijana waliotoka kidato cha sita wakapewa mafunzo ya mwezi mmoja hivi, wakapewa leseni na kupelekwa madarasani. Jina walilobandikwa na mitaa, voda fasta, mnalikumbuka. Nilipokea wawili katika shule yangu. Akili walikuwa nazo, mmoja hata kunizidi, lakini hakuna aliyepangiwa kuwaongoza, na mimi mwenyewe, nakiri, niliwapa vipindi thelathini kwa wiki na kuwasahau.

Kwa hiyo swali lenu la kwanza mmelianza mkiani. Kabla ya kuuliza mtamtafuta nani, semeni ni nani pale shuleni atakayekaa naye kila wiki. Na msisahau kumwandikia mkurugenzi wa halmashauri kupitia kwa mkuu wa shule, ili kijana atambulike rasmi. Mhitimu asiyesomea ualimu atahitaji pia leseni ya kufundisha, jambo ambalo linapaswa kushughulikiwa kabla hajaingia darasani.

Binti wa Nansio amejibu:

Shikamoo Mwalimu. Nami nitachangia nikiwa upande wa waliokimbia.

Nilimaliza shahada ya ualimu, masomo ya hisabati na jiografia, nikajitolea katika shule moja ya kisiwani ambayo sitaitaja. Nilikaa miezi saba. Watu hudhani niliondoka kwa sababu ya fedha, na ni kweli kwamba posho niliyoahidiwa ilifika mara tatu tu, lakini hilo lisingenitoa peke yake. Nilipangishiwa chumba karibu na mwalo, ambapo choo kilikuwa cha jirani na mlango ulifungwa kwa kamba, na kila usiku kulikuwa na mtu aliyeona kwamba mwalimu wa kike asiye na mume ni wa kugongewa. Nilipomweleza kiongozi mmoja wa kijiji, alicheka akasema nitazoea. Ndugu Mtoto wa Mwaloni, kama hiyo laki tatu na nusu inaweza kupungua kidogo ili mpate chumba chenye komeo la ndani na choo chake, ndani ya eneo la shule au kwenye ua wa familia inayoheshimika, fanyeni hivyo kabla hamjabandika tangazo lolote.

Jambo la pili hakuna aliyeniambia, ingawa kila mwenyeji analijua. Mwezi wa kwanza niliandaa jaribio la hisabati, na wakaja wanafunzi kumi na wanne kati ya arobaini na tisa. Nilidhani wamenigomea. Nikaadhibu. Mwezi uliofuata ikawa hivyohivyo, na ndipo nilipofungua daftari la mahudhurio nikaona nafasi tupu zinajirudia kila baada ya wiki kadhaa kama mawimbi. Zilikuwa siku za giza, wakati mbalamwezi haipo, mitumbwi inapoingia ziwani na taa, na alfajiri dagaa wanateremshwa kwa wingi kiasi kwamba kila mtoto mwenye mikono anaitwa kuanika. Tangu hapo nilipanga majaribio siku za mbalamwezi, na mada mpya sikuzianza wakati wa giza. Ningelijua hilo siku ya kwanza, kuna watoto ambao nisingewachapa.

Na nikiri la mwisho. Jina langu lilipotoka kwenye orodha ya walioitwa kwenye usaili, niliondoka siku ya Alhamisi na meli ya asubuhi. Sikuandika popote kwamba nimefika wapi. Niliposoma habari za daftari la mpwa wako nilifunga simu nikakaa kimya kwa muda.

Mgeni wa London amejibu:

Niliishi Uingereza miaka sita na nina rafiki aliyepitia mpango wao uitwao Teach First, ulioanzishwa mwaka 2002 kwa kuiga Teach For America ya Marekani. Ile ya Marekani ilitokana na tasnifu aliyoiandika Wendy Kopp mwaka 1989 akiwa mwanafunzi wa Princeton, na mwaka uliofuata ikapeleka kundi la kwanza la wahitimu wapatao mia tano katika shule za maeneo maskini, kwa ahadi ya miaka miwili. Mipango ya namna hiyo sasa iko katika nchi nyingi, na tangu mwaka 2007 ina mwavuli wake, Teach For All.

Ninaitaja kwa sababu ya mambo mawili, moja la kuiga na moja la kuogopa. La kuiga ni kwamba, nchini Uingereza, yule kijana asiyesomea ualimu hatoki mikono mitupu: ndani ya miaka hiyo miwili anasoma na kupata sifa ya ualimu ya ngazi ya uzamili. Hapa kwetu Chuo Kikuu Huria kina stashahada ya uzamili ya elimu, ambayo mtu anaweza kuisoma akiwa kazini, na ambayo humwezesha mwenye shahada isiyo ya ualimu kuomba ajira ya ualimu. Mkimlipia mhandisi wenu sehemu ya ada hiyo, mtakuwa mmempa sababu ya kukaa ambayo haihitaji kufungia cheti chake kabatini. La kuogopa ni lawama ambayo mipango hiyo imeisikia tangu mwanzo, kwamba wengi huhesabu siku hadi miaka miwili iishe na kuelekea kwenye kazi walizozitaka toka awali. Tena tofauti yenu nao ni kubwa: kule Marekani mshahara hulipwa na mamlaka ya shule kama kwa mwalimu mwingine yeyote, wakati ninyi mnategemea bei ya dagaa.

Kamanga Kwetu amejibu:

Samahani kwa kuwa mkali, lakini mnazunguka. Wahitimu wa ualimu wasio na ajira wamejaa Mwanza hii. Wapo wanaoendesha bodaboda na wanaouza vocha mkiwaona kila siku. Mhandisi atawaringia. Chukueni aliyezaliwa visiwani, anayejua lugha ya wazee na asiyeogopa maji, basi.

Mwalimu wa Zamu amejibu:

Ndugu Kamanga, nusu nakubali. Mzaliwa ana nyumba na ana shangazi wa kumpikia, na hilo si dogo. Lakini mzaliwa naye akiitwa kwenye ajira ataondoka, na ni haki yake, kwa maana hakuna mzazi atakayemwambia mwanawe aache kazi ya kudumu kwa ajili ya posho. Kosa tunalolifanya sote katika uzi huu ni kutafuta mtu ambaye hataondoka. Huyo hayupo. Tafuteni namna ya kumwondoa bila kuliangusha darasa. Wote wawili wasianze mwezi mmoja. Mmoja aanze Januari na mwingine Julai, ili muda wao usiishe siku moja. Kila mmoja awe na shajara ya somo inayobaki ofisini kwa mkuu wa shule, si kwenye begi lake, ikionyesha kila wiki amefika mada gani na ni wanafunzi gani wamebaki nyuma. Na wekeni kando posho ya mwezi mmoja, ambayo atalipwa yule anayeondoka iwapo atakaa wiki mbili darasani pamoja na anayempokea. Akiitwa ghafla akashindwa kukaa, fedha hiyo alipwe mwalimu mwingine wa shule atakayeshikilia vipindi.

Usaili wenu msiufanyie Nyegezi wala kwenye hoteli ya mjini. Ufanyieni kisiwani. Mwombaji apande meli, alale usiku mmoja, afundishe kipindi kimoja cha kidato cha pili mbele ya mkuu wa shule na mzazi mmoja, kisha mmrudishie nauli awe amepita au hakupita. Wengi watajichuja wenyewe melini.

Mtoto wa Mwaloni amejibu:

Wazee wangu na dada yangu, tumekaa jana jioni hapa Kirumba tukasoma majibu yote kwa sauti. La vyeti limekufa, na aliyelipendekeza ndiye aliyelizika. Posho tumeishusha hadi laki tatu, na tofauti itakwenda kwenye vyumba viwili vya walimu vilivyopo shuleni, ambavyo havina milango ya maana wala choo. Tangazo litabandikwa pale Nyegezi, kwenye chuo kikuu cha Mtakatifu Augustino, na kwenye kituo cha Chuo Kikuu Huria hapa Mwanza. Litasema wazi kwamba anayeitwa kwenye ajira anaruhusiwa kuondoka, kwa utaratibu aliousema Mwalimu. Mmoja wetu alilalamika kwamba tunawafundisha watu kuondoka kabla hawajafika. Tulipiga kura, akashindwa.

Limebaki moja. Mwalimu amesema lazima awepo wa kukaa nyuma ya darasa, lakini shuleni hakuna mwalimu wa fizikia hata mmoja. Tumkabidhi nani?

Binti wa Nansio amejibu:

Je, yupo mwalimu yeyote aliyekaa pale zaidi ya miaka mitano? Nilikokuwa mimi alikuwepo mama mmoja wa Kiswahili, ambaye fizikia hakuijua hata kidogo, lakini alijua ni mtoto gani baba yake amezama ziwani na ni yupi anayenyamaza kwa sababu haelewi Kiingereza cha swali, wala si kwa sababu hajui jibu. Alikuwa darasa la pili kutoka langu. Hakuna aliyetukutanisha kwa ajili ya kazi, na mimi nilikuwa na shahada, nikaona haya kumuuliza.

Mtoto wa Mwaloni amejibu:

Yupo. Ni wa Kiswahili pia, alinifundisha mimi kidato cha kwanza. Nitampigia leo.