Naomba ushauri: dungu la kufungwa, la mtu kulala ndani, shamba la mtama Chemba

Mwl_Chemba

Mbukwenyi ndugu zangu, na shikamooni kwa wote mnaostahili.

Tuna shamba la ekari sita upande wa Kwamtoro, wilaya ya Chemba, si mbali na pori la akiba la Swaga Swaga. Ekari nne ni mtama na uwele, mbili karanga. Mlinzi wa shamba hilo tangu nipate akili ni baba. Mchana hushinda na kwelea kwelea na nyani, usiku hukesha na nguruwe pori na nungunungu. Kila msimu alijenga dungu, yaani jukwaa la juu la kulindia shamba, kwa mikono yake: miti minne, fito, nyasi juu, kamba za magome.

Mwaka jana mwezi wa nne, alfajiri, alikuwa anashuka. Kipago cha tatu cha ngazi kutoka juu kikachomoka. Mchwa walikuwa wamekula ndani wakaacha ganda. Baba alivunjika nyonga, akalala pale chini mpaka jua likachomoza, mimi niko nyumba ya shule kilomita nne kutoka hapo, sijui lolote.

Sasa anatembea kwa fimbo. Na mvua zikianza anataka kurudi dunguni. Nimemsihi, mama amemsihi, wajomba wamekuja kikao. Jibu lake ni moja, kwamba mtama haujilindi. Nimeacha kumzuia. Nimeamua kumjengea dungu ambalo halitamwangusha.

Nimewaza hivi: juu mita nne na nusu, chumba kimefungwa pande zote, bati juu, madirisha kila upande, kitanda kidogo. Naomba mnisaidie haya. Urefu huo unafaa? Nitumie mbao au chuma? Na nitafungaje chumba halafu mtu bado aone shamba lote?

---

Fundi Randa

Marahaba mwalimu. Mpe mzee pole nyingi. Mimi ni seremala, nipo Kondoa, na madungu ya kufungwa nimejenga saba mpaka sasa. Nitakujibu kwa kirefu kidogo, maana hili ni jambo la mzazi.

Urefu kwanza. Mita nne na nusu futa. Jiulize unataka kuona juu ya nini. Mtama wetu wa kienyeji ukikua sana unafika mita mbili na nusu, mwingine tatu. Sakafu ikiwa juu mita 2.4, mzee akikaa kwenye kiti macho yake yako kama mita 1.2 juu ya sakafu. Jumla ni 3.6, anaona juu ya masuke yote. Kila nusu mita unayoongeza juu ya hapo ni upepo zaidi na ni anguko kubwa zaidi, wala huoni kipya.

Sakafu ifanye mita 1.8 kwa 2.4. Nina sababu mbili. Ya kwanza, ukipima pembe hadi pembe lazima upate mita 3 kamili pande zote mbili. Ukikosa, sakafu imekwenda kombo, na ukuta na paa vitafuata ukombo huohuo. Ya pili, katika ile 2.4 chumba kinachukua 1.8, inabaki sentimita 60 ya baraza pale ngazi inapofikia. Baraza hilo usilikate kwa kubana matumizi. Mzee wako anatumia teo? Kama anatumia, hawezi kurusha jiwe akiwa ndani ya sanduku. Nilijenga la kwanza bila baraza, mwenye shamba akawa anashuka chini kila kwelea wakitua, asubuhi na jioni. Mlango ufungukie ndani. Ukifungukia nje kwenye baraza la sentimita 60, siku moja utamsukuma mtu.

Miguu. Tumia nguzo zilizotiwa dawa, za mlingoti (mkaratusi) wa Iringa, unene wa sentimita 12 hadi 15 upande mwembamba. Usisimamishe wima. Zitanue chini, kila mguu utoke nje sentimita 40 kila upande, ili juu ikiwa 1.8 kwa 2.4 basi chini iwe 2.6 kwa 3.2. Kila mguu utakuwa na urefu wa karibu mita 2.5. Halafu funga mikasi, yaani mbao za inchi mbili kwa nne zinazopishana, pande ZOTE nne. Naandika kwa herufi kubwa kwa sababu dungu langu la pili nililifunga mikasi pande mbili tu. Chumba kilichofungwa kwenye upepo wa kiangazi wa huku kwetu ni tanga la jahazi. Lilihama taratibu kuanzia mwezi wa sita, na kufika wa tisa lilikuwa limeinama kama mtu anayesikiliza mlangoni. Halikumuumiza mtu, nililibomoa mwenyewe, lakini tangu siku hiyo sipumziki mpaka nimefunga upande wa nne.

Viungo vyote vya miguu na mikasi tumia bolti za milimita 12 na washa zake. Msumari peke yake unalegea mbao ikikauka, na jua la Dodoma linakausha kweli. Kiangazi cha kwanza kikiisha, panda na spana ukaze nati zote upya.

Sasa mchwa, maana ndiye aliyemwangusha mzee. Hata nguzo yenye dawa usiizike kwenye udongo. Chimba mashimo manne, kina sentimita 60, upana 40, mwaga zege, na ndani ya zege simamisha vyuma bapa viwili vinavyobana nguzo kwa bolti. Mwisho wa nguzo ubaki sentimita 15 juu ya ardhi. Mchwa wa huku lazima ajenge njia yake ya udongo ili apande, na kwenye chuma na zege utaiona kwa macho. Mzee akipita kila asubuhi anaikwangua kwa fimbo yake.

Kuta: bati usiweke. Saa saba mchana ni tanuri, na mvua ikipiga pembeni hasikii chochote shambani. Tafuta mabanzi kwenye mashine za kupasua mbao, ni bei ndogo. Panga mpaka sentimita 90 kutoka sakafuni. Juu yake acha nafasi ya sentimita 40 kuzunguka pande zote, hayo ndiyo madirisha, kisha mabanzi tena hadi paa. Vifuniko vya dirisha vipigiwe bawaba upande wa juu, vifunguke kwenda nje kama dirisha la kibanda cha chipsi. Vinampa kivuli na vinakinga mvua. Weka ndoano ya kuvishika vikifungwa, upepo usivichezee.

Paa la mgongo mmoja, mbele mita 1.9, nyuma 1.7, bati litokeze sentimita 20 tu. Ukilitokeza sana upepo unalishika kwa chini. Boriti za paa zifunge kwenye nguzo za chumba kwa bendi za chuma, usiamini msumari.

Ngazi: mtu mwenye nyonga mbovu hapandi ngazi ya vipago. Mjengee ngazi ya kulala, yenye vipandio vya kimo cha sentimita 20, upana 25, na mikono ya kushikia kulia na kushoto.

---

AreaC_Dom

Fundi kamaliza karibu kila kitu. Mimi nichangie nilichokiona Marekani. Nilikaa Texas miaka miwili, na mwenyeji wangu alikuwa mwindaji wa kulungu wa kule, yule akishtuka husimamisha mkia na upande wa chini ni mweupe kama leso. Wanajenga vyumba kama hiki unachotaka, juu ya miguu mirefu, wanakaa ndani kimya tangu kabla ya alfajiri. Nilimsaidia kujenga kimoja.

Wao wanajificha. Wanatandika zulia sakafuni kiatu kisilie, bawaba wanazitia grisi, na wanakaa upande ambao upepo unatoka kwa mnyama kuja kwao, kwa sababu kulungu ananusa kuliko anavyoona. Baba yako anataka kinyume, mnyama ajue mtu yupo. Nguruwe naye macho yake dhaifu lakini pua ni kali, kwa hiyo harufu ya mzee na moshi wake viende shambani. Dungu likae upande unakotoka upepo wa msimu wa mavuno, au katikati.

Jambo moja la kwao lichukue kama lilivyo: ndani wanapaka rangi nyeusi. Chumba chenye giza humwezesha aliyemo kuona nje vizuri zaidi. Usimwekee mzee taa ndani, ikiwaka nje kote kunakuwa ukuta mweusi. Tochi aitoe dirishani, amulike, azime.

Na zulia pia chukua. Si kwa ajili ya kelele, ni kwa ajili ya baridi ya mwezi wa tano inayopanda kutoka chini ya mbao.

---

Itigi Zamani

Mwalimu, mimi nimefanya kazi miaka mingi na kampuni za uwindaji upande wa Rungwa. Tulijenga vibanda vya kuvizia chui, wageni wenye leseni wakakaa humo. Najua mtu akishakaa juu na shamba linaliwa mbele yake mkono unawasha. Mwambie mzee, na hasa vijana watakaompokea zamu: dungu ni la kulinda. Kuwinda mnyamapori bila leseni ni kosa chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009. Mtama mliouokoa hautatosha kulipa faini.

Fundi hukugusa tembo. Swaga Swaga tembo wapo. Dungu la nguzo za sentimita 15 kwa tembo ni fito. Kabla ya kuchimba shimo hata moja, tembea na wazee wa kijiji wakuonyeshe tembo hupita wapi wakija, ujenge mbali na njia hiyo. Wakija usiku, mzee asiwatupie moto wala mawe. Azime tochi, akae kimya, apige simu kwa majirani na kwa mtendaji wa kijiji, askari wa wanyamapori waitwe. Mpakani mwa shamba fungeni kamba ya katani yenye vitambaa vilivyolowekwa oili chafu iliyochanganywa na pilipili ya kusaga. Tembo hapendi harufu ile. Mvua ikinyesha, mnapaka tena. Wakila shamba, toa taarifa siku hiyohiyo na upige picha, kifuta jasho kipo kisheria ila hakitolewi kwa maneno matupu.

---

Mama Wawili

Ninafanya kazi ya mazoezi ya viungo hospitalini, wazee wa nyonga ndio wagonjwa wangu wa kila siku. Fundi samahani, sentimita 20 ni kubwa kwa nyonga iliyovunjika mwaka jana. Punguza iwe 15 au 16. Na katikati awe na pahali pa kusimama apumue.

Mwalimu, mfundishe hivi: akipanda, atangulize mguu mzima. Akishuka, atangulize mguu mbovu pamoja na fimbo. Wengi wanaanguka wakishuka kwa sababu wanaanza na mguu mzima, ule mbovu unabaki juu peke yake umebeba mwili wote.

---

Fundi Randa

Mama umenirekebisha, asante. Basi hesabu inakuwa hivi: mita 2.4 kwa sentimita 16 ni miinuko 15. Kituo kikae katikati, mraba wa mita moja, na ngazi zinakuwa mbili fupi badala ya moja ndefu. Zikate kona kwenye kituo, zisikae kwenye mstari mmoja. Hapo hata akijikwaa juu anaishia kituoni. Kituo kipewe miguu yake minne na mikono ya kushikia kama baraza.

Itigi, nakubali kuhusu tembo.

Kitu kingine nimekumbuka. Mpatieni mzee kamba za makopo kutoka dirishani kwenda pembe nne za shamba. Avute akiwa amekaa, asilazimike kutoka barazani kila mara.

---

Chilonwa88

Na radi? Chumba kirefu peke yake katikati ya shamba, mwezi wa pili, mimi nisingelala humo.

---

Itigi Zamani

Ni kweli. Wingu likianza kunguruma ashuke mapema, aende nyumbani, asisubiri tone la kwanza. Na asikimbilie chini ya mbuyu.

---

Mwl_Chemba

Nimesoma yote mara tatu, na jana jioni nimemsomea baba. Alisikiliza kimya mpaka kwenye mchwa, hapo akasema "huyo fundi anajua". Kwenye habari ya kushuka alisimama, akaenda pale kizingitini akajaribu, mguu mbovu na fimbo kwanza. Akarudia. Akasema tangu avunjike amekuwa akishuka kwa kutanguliza mguu mzima.

Kuhusu tembo amenionyesha mwenyewe. Njia yao iko upande wa magharibi, kwenye korongo. Dungu litakaa mashariki, na upepo unatoka hukohuko mashariki, hivyo AreaC umepata ulichotaka. Teo anatumia, baraza litakuwepo. Kuhusu radi amekubali kushuka, ila anataka niweke kipande cha benchi nyumbani pale dirishani ili akishuka aendelee kuliangalia shamba kwa mbali.

Fundi, nguzo nimepata nne kwa mtu aliyebomoa ghala, zina dawa na ni nzima, lakini moja ina unene wa sentimita 11 upande mwembamba. Niitumie au nitafute nyingine?

---

Fundi Randa

Tafuta nyingine. Hiyo ya 11 ikate, iwe miguu ya kituo cha ngazi.