Anti-TPO iko juu ila T4 iko sawa, kwa nini hajapewa dawa?

Wakuu habari. Wife kapima tezi ya shingo, TSH (homoni inayoiamrisha tezi) 6.1, T4 (homoni ya tezi yenyewe) iko sawa ila anti-TPO (antibodi dhidi ya tezi) imepanda sana. Dokta kasema arudi baada ya miezi 3, dawa hakuna. Sasa hizo antibodi si ndo zinamla tezi, tunasubiri nini?

Jibu 1:
Pole mkuu. Anti-TPO inaonyesha kinga ya mwili imeigeukia tezi, ndo ile Hashimoto, ila uharibifu wenyewe unafanywa zaidi na seli nyeupe za damu. Watu kibao wanazo na tezi inapiga kazi vizuri tu. Dawa inafuata TSH na T4, na kurudia rudia anti-TPO ni kuchoma hela.

Jibu 2:
TRAb (antibodi nyingine ya tezi) ndo habari nyingine kabisa, ile inakaa kwenye kipokezi cha TSH inaiwasha tezi muda wote, moyo mbio, unakonda huku unakula, ndo ugonjwa wa Graves. Mimi chai ilikuwa inamwagika kwenye sosa mikono inavyotetemeka. Hiyo wanaipima kabla hujaachishwa kabimazoli (dawa ya kuituliza tezi), ikiwa bado juu ugonjwa una nafasi kubwa ya kurudi.

Jibu 3:
Mnatafuta mtoto? Kama ndio mwambieni dokta mapema, akishika mimba TSH ipimwe hapo hapo msingoje hiyo miezi 3. Na kama anameza biotini (vitamini) ya nywele aache siku 2 au zaidi kabla ya kipimo, inavuruga majibu.

Muuliza swali:
Tunatafuta ndio, na biotini anameza kila siku! Kesho tunarudi kwa dokta, asanteni sana.