MREJESHO: Wageni zizini na ng'ombe wanaobana maziwa

Wakuu, habari za saa hizi. Niliomba ushauri hapa: tunafuga ng'ombe wa maziwa Lushoto na tunapokea wageni wanaolala nyumbani. Wakiingia zizini alfajiri, ng'ombe wanabana maziwa. Watoto nao walishapoteza sebule, imejaa wageni.

Nilianza na ushauri wa daktari wa mifugo. Kukamua kwa saa 11 alfajiri ni kwetu peke yetu. Wageni wanakuja jioni, wachache, kimya, wakisimama mahali ng'ombe anawaona. Alieleza kwamba ng'ombe akishtuka, homoni inayoshusha maziwa inazuiwa, hata umkande kiwele vipi. Kweli bwana, maziwa yamerudi. Isipokuwa kwa Malkia! Huyo akisikia sauti ngeni tu anamwekea ndama wake kila kitu, kwa hiyo tunamkamua wageni wakiwa mezani.

Beseni la dawa ya kukanyaga tumeweka getini kwa ajili ya ugonjwa wa miguu na midomo. Gambuti tunawaazima sisi, maana hakuna aliyekubali kulowesha raba zake nyeupe. Maziwa mabichi hatumpi mtu hata akibembeleza, kwa sababu ugonjwa wa kutupa mimba unawapata na binadamu. Tunachemsha.

La kufunga sebule ili wageni wasiingie limeshindikana. Mama mkwe anawaita wageni ndani mwenyewe, wanamenya naye viazi, watoto wamehamia jikoni. Hilo bado tunabishana.

Asanteni sana, hasa dada wa Njombe aliyenielekeza kubadilisha dawa ya beseni ikichafuka tope.