Yule afande wa kituo chetu amejipepea kwa kadi ya dawa ya mdogo wangu

Ndugu wanajukwaa, naandika mikono ikiwa bado inatetemeka, kwa maana nimetoka kituoni saa moja tu iliyopita. Jina lake silitaji, na wala hakuna haja, kwani kila anayeishi mitaa yetu hapa Dar es Salaam anamjua yule afande ambaye kicheko chake hufika kabla ya buti zake.

Mdogo wangu ana miezi saba kwenye methadoni, ile dawa ya kunywa inayomsaidia mtu kuachana na unga, yaani heroini. Kwa miezi saba ameamka saa kumi alfajiri, akapanda daladala mbili, akafika dirishani, akanywa dawa yake mbele ya mfamasia kama utaratibu unavyotaka, kisha akarudi kusukuma mkokoteni wake wa maji. Leo amekamatwa akiwa amesimama kituo cha daladala, nauli mkononi, na kosa likaandikwa uzururaji. Akatoa kadi ya kliniki, yenye picha yake na namba yake, akaomba kwa adabu aruhusiwe kwenda kunywa dawa hata kwa kusindikizwa. Afande akaipokea kadi, akaisoma mbele na nyuma, akasema teja ni teja tu hata ukimvika kanzu, kisha akaanza kujipepea nayo. Alijipepea, ndugu zangu!

Nilipofika saa nane mchana, dirisha la kliniki lilikuwa limeshafungwa. Nilimkuta mdogo wangu amejikunja kwenye benchi, machozi na makamasi vinamtiririka, anapiga miayo isiyokatika, vinyweleo vimemsimama kama kuku aliyenyonyolewa. Ukutani pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba dhamana ni bure, na chini ya maandishi hayo afande ameketi, anajipepea. Nusu ya picha ya mdogo wangu ilikuwa imefutika kwa jasho la vidole vyake.

Kwa wasiojua, dozi moja humbeba mtu kwa muda wa siku moja hivi, basi. Akiikosa, arosto, yaani yale maumivu ya kukosa dawa, inamrudia, na kwenye arosto jirani wa kwanza kumkaribisha ni muuza kete za unga. Akiikosa siku kadhaa mfululizo, kliniki hulazimika kumwanzishia dozi ndogo upya kwa sababu mwili umeshapoteza uzoefu wake, na akiurudia unga kwa kipimo chake cha zamani anaweza kuacha kupumua akiwa amelala. Kwa hiyo siku moja ya mahabusu, ambayo kwangu mimi na wewe ni usumbufu, kwake ni shimo.

Serikali inayomlipa afande mshahara ndiyo hiyo hiyo iliyoanza kutoa methadoni Muhimbili mwaka 2011, ikaipeleka Mwananyamala, Temeke na mikoani, tena bure. Sikuomba wafute kesi. Niliomba askari mmoja ampeleke dirishani, anywe, arudishwe mahabusu. Kama vituo vimeweza kuwa na Dawati la Jinsia na Watoto, mahali ambapo mama aliyepigwa husikilizwa pembeni na si kaunta mbele ya kila mtu, kwa nini pasiwe na askari hata mmoja anayejua kadi ya methadoni ni kitu gani? Huyu wetu ameiona, ameisoma, na amejipepea nayo.

Mpiga Kasia:
Namjua sana. Ndiye aliyewapakia vijana wa maskani kwenye karandinga siku waliyokuwa wamepangiwa kwenda kupimwa kifua kikuu, na mhudumu wa jamii aliyewashawishi kwa wiki tatu akabaki barabarani analia.

Mama Ntilie wa Stendi:
Mleta uzi, tumeshasikia kwamba alijipepea, usitulilie kama mtoto aliyenyang'anywa andazi. Mimi nimeibiwa sufuria mbili na jiko la gesi na mateja hao hao, na nilipokwenda kuripoti niliambiwa nitoe hela ya mafuta ya gari. Mbona hamkunifungulia uzi?

Mleta uzi:
Pole kwa jiko, mama yangu. Lakini kijana aliyekunywa dozi yake asubuhi haamki na arosto inayomtuma kwenye sufuria zako, na huyu alinyimwa dozi huku kadi yake ikipepea mbele ya macho yake.

Mstaafu wa Sare:
Nimevaa sare miaka 31. Tulifundishwa kuitambua kete, hatukufundishwa kuitambua arosto. Mahabusu aliyetapika tulisema anaigiza. Usiku mmoja kijana alitapika hadi alfajiri, nasi tukamrushia ndoo ya maji anyamaze. Nashukuru alitoka hai, lakini sauti yake haijanitoka. Polisi kata akijua kliniki iko wapi na nani wa kumpigia simu, kazi nusu imekwisha. Si lazima kusubiri waraka kutoka juu.

Mwana wa Likoni:
Huku Mombasa nami hunywa dawa kliniki ya Kisauni. Nimekamatwa njiani mara mbili, lakini adui yangu mkubwa ni kivuko. Feri ikikwama asubuhi, mimi nafika dirisha limefungwa, na hakuna afisa wa kumlaumu.

Baba Wawili:
Zungumzeni pia kuhusu soba hausi, hizi nyumba za kuwaachisha vijana unga. Nimelipa ada ya miezi mitatu kwa mwanangu, akarudi amekonda kuliko alivyokwenda, na kumbe kutwa nzima alikuwa anafyatulishwa matofali ya mwenye nyumba.

Mpiga Kasia:
Baba Wawili, matofali hayo yanauzwa wapi? Kuna nyumba moja huku kwetu nayo ina matofali mengi mno kuliko wagonjwa.

Mama Ntilie wa Stendi:
Jiko langu lilikuwa la pleti mbili, la kijani, pleti moja haiwaki vizuri. Aliyeliona likiuzwa popote aniandikie.